Gari la kukodi Munich, Milima ya Alpi, na swali nililoulizwa kwenye simu

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki zipoe kabla sijamaliza. Jina la kampuni siliweki hapa kwa sababu suala letu bado liko mezani kwao. Ila kama wewe na mwenza wako mnapanga kukodi gari Munich mzunguke nalo milimani, soma hadi mwisho.

Mimi na mume wangu tunaishi Bavaria, gari hatuna, na kwa miaka tulikuwa tunasema tu "kiangazi kijacho". Safari hii tukasema basi. Neema akabaki kwa shangazi yake, tukafunga mabegi. Mpango ulikuwa kushuka Austria kwa barabara ya Grossglockner, kuingia Italia hadi milima ya Dolomiti, tulale kwenye kibanda cha wapanda milima, turudi kwa njia ya Brenner. Pale kaunta nilitaja nchi zote na zikaandikwa kwenye mkataba. Gari lilikuwa safi, stika ya barabara kuu za Austria imebandikwa kiooni, kijana wa kaunta ana adabu. Mpaka hapo ningewapa alama zote.

Grossglockner ni barabara ya kulipia, zaidi ya euro 40 kwa gari dogo, na sioni hata senti moja iliyopotea. Ilifunguliwa mwaka 1935, mhandisi wake ni Franz Wallack, ina kilomita 48 na kona 36 kali, kila kona na kibao chenye namba yake. Tulipita lango la Ferleiten gari likiwa zima kabisa. Kona chache mbele, kila mume wangu akikanyaga mafuta tukasikia mluzi kwenye injini. Kisha moshi mweusi nyuma, taa ya njano ikawaka, nguvu zikakata. Tulijikongoja kwa gia ya kwanza hadi maegesho ya Hochmais, mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hapo gari likagoma.

Nikapiga namba ya dharura iliyoandikwa kwenye kishikizo cha ufunguo. Muziki, muziki, muziki. Hatimaye akapokea bwana mmoja. Hakuuliza kama tuko salama. Aliuliza nani alikuwa anaendesha na leseni yake ni ya wapi. Leseni ni ya Ujerumani, nikamwambia. Nikaeleza mluzi, nikaeleza moshi. Akanikatiza: "Mmeunguza klachi." Halafu, simu ikiwa kwenye spika na mume wangu amekaa pembeni yangu, akauliza: "Kwani huko mnakotoka kuna milima?"

Mume wangu kazaliwa Marangu. Baba yake mzazi alibeba mizigo ya wageni kwenye Kilimanjaro mpaka magoti yakamkataa. Hakujibu kitu. Alifungua mlango, akaenda kusimama kwenye ukuta wa mawe ulio ukingoni mwa maegesho, akanipa mgongo. Tangu tuoane nimemwona amekasirika, lakini vile sijawahi kumwona.

Mimi nilijibu. Nilimwambia yule bwana kwamba mlima wa kwetu una mita 5,895, na kwamba mwaka 1889 Hans Meyer wa Ujerumani na Ludwig Purtscheller wa Austria walipofika kilele cha Kibo walikuwa wamepitia Marangu, kwa Mangi Marealle aliyewapokea kama wageni. Watu wa kwao walikuja kwetu kutafuta mlima wakapewa mahali pa kulala. Akasema hayo hayahusiani na mkataba. Gari la kuvuta tutafute wenyewe, tulipe wenyewe, wao "wataangalia baadaye". Akakata.

Sasa elewa tulikuwa wapi. Barabara ile hufungwa usiku, malango yanashushwa. Ilikuwa imeshapita saa kumi jioni na wingu lilikuwa linateremka. Tulipata fundi kutoka Fusch, kijiji kilicho chini bondeni, mzee mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alivua kifuniko cha injini, akamwomba mume wangu akanyage mafuta taratibu, akapitisha vidole chini ya bomba la mpira linalotoka kwenye turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini. Akatuita tuone. Ufa ulikuwa unafunguka kila injini ikivuta pumzi, na kingo zake zilikuwa zimekauka na kushika vumbi lililogandiana na oili. "Huu ni wa zamani," akasema. Klachi akaijaribu mbele yetu: nzima. Akaandika yote kwenye karatasi ya gereji yake, akagonga mhuri, akatuvuta hadi kijijini. Bomba jipya lilipatikana kesho yake. Tulilipa sisi.

Kwa hiyo barabara tuliimaliza siku ya pili, na hapa ndipo hasira zinanipanda upya, kwa sababu ilitakiwa kuwa siku ya furaha tupu. Tulivuka Hochtor, mpito wa juu wa barabara ile, mita 2,504, tukaenda hadi pale unapouona mlima Grossglockner mbele yako na barafu ya Pasterze chini yake, ndefu kuliko zote Austria na inayeyuka mbele ya macho ya watu. Mume wangu alikaa kimya muda mrefu akiiangalia. Kisha akasema, "Kama yetu." Mimi nilitaka nifikirie barafu, nikawa namfikiria yule bwana wa simu.

Kibandani Dolomiti tulishapoteza nafasi, maana Agosti vitanda vinajaa mapema sana. Nilipiga nikijua jibu. Yule mama aliyepokea akauliza kwanza, "Nyinyi wenyewe mko salama?" Akatuhamishia usiku uliofuata, bila kudai hata senti ya nyongeza. Nililia kwenye simu, sioni haya kusema.

Kutoka maegesho ya Auronzo tulifuata njia namba 101. Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila mwongozaji, na mizigo hubebwa na wapagazi. Dolomiti kila mtu na begi lake, unafuata alama za rangi nyekundu na nyeupe zilizopakwa kwenye mawe. Ukifika Forcella Lavaredo, mpito wa mlimani wenye mita 2,454, vilele vyote vitatu vya Tre Cime vinakutokea kwa upande wake mkali, ukuta wa mwamba ulionyooka juu, kile cha katikati mita 2,999. Mume wangu alicheka kwa sauti. Usiku tulilala chumba cha pamoja, kila mtu ndani ya mfuko wake wa shuka kama kanuni inavyotaka, saa nne taa zimezimwa. Supu ya madonge ya mkate ile bado naikumbuka.

Nilianza kuandika nikitaka kuwaambia msikodi gari kabisa, pandeni treni. Na kweli inawezekana: kiangazi kuna basi kutoka Dobbiaco, mji wa Italia wenye kituo cha treni, hadi Auronzo. Lakini bila gari tusingesimama pale tulipotaka, tusingemjua yule mzee wa Fusch. Basi kodini. Ila kabla hamjasaini, ulizeni gari likiharibika nje ya nchi nani analipa la kuvuta, na jibu liandikwe. Fundi naye akitengeneza, mwambieni aandike alichokikuta.

Hata hivyo karatasi si kinga kwa watu wasiosoma. Tuliporudisha gari niliiweka ile ya fundi kaunta, yenye mhuri. Yule yule kijana wa adabu aliisogeza pembeni kwa kidole bila kuitazama, akageuza skrini nione: "matumizi mabaya ya klachi", na fedha imeshakatwa kwenye dhamana yetu. Klachi ambayo hakuna aliyeigusa! Zile alama nilizowapa mwanzoni nazifuta, pamoja na za usafi.

Nimewaandikia barua mara kadhaa. Jibu la mwisho lilisema wanasikitika kwamba "hatukuridhika". Kuhusu swali la yule bwana, hakuna neno. Mume wangu ananiambia, "Mama Neema, fedha ziache, twende tena kiangazi kijacho." Tutakwenda, na ramani ameshanunua. Lakini fedha siziachi, na yule bwana namtaka aombe radhi kwa mume wangu, kwa simu ile ile, kwenye spika.