Makabati ya jikoni: uagize mtandaoni au uende shorumu?

Kila anayemaliza nyumba siku hizi, awe Fumba huku Unguja awe Chake Pemba, anauliza hili hili, makabati nichukue wapi, maana picha za Instagram zinatia tamaa kweli na bei inaonekana nafuu. Mie mpangilio wangu ndo huu, na siangalii bei kwanza, naangalia nani anakuja kupima ukuta wako.

Namba moja ni shorumu au karakana ya hapa hapa inayotuma fundi nyumbani kabla ya kukutajia bei. Kuta zetu hazijanyooka bwana, khasa nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe, kabati la kiwandani ukilisukuma kwenye kona linabakisha mwanya, mende wanahamia na ukoo wao. Fundi apime chini, katikati na juu, akipima mara moja akakunja futi yake basi tafuta mwengine. Tena mwoneshe mtungi wa gesi. Ule wa kilo 15 wengi wetu tunauweka chini ya kaunta, kwa hivo kabati lake lisiwe na shelfu na litobolewe matundu kwa chini, kwani gesi ikivuja inatuama chini haipandi. Na sufuria la biriani pia lipimwe, usije ukaliweka juu ya friji maisha yako yote.

Ukifika shorumu usihangaike na mlango unavyong'ara, uliza ubao wa ndani. Chipubodi, ule ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ikinywa maji inavimba na hairudi, na unyevu wetu mnaujua, masika ndo usiseme. Omba kipande cha mabaki ukilaze kwenye ndoo ya maji, asubuhi kikiwa kimetuna pembeni ushajua. Mi karibu na sinki nataka marinibodi, yaani plaiwudi inayohimili maji, na MDF, ubao laini wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ibaki kwenye milango. Bawaba ziwe steinlesi, chumvi ya bahari haina huruma.

Namba mbili shorumu za Dar. Uchaguzi ni mkubwa, lakini kuna nauli ya mzigo, kuna hamali, na kona ikigongwa bandarini kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole. Kubali tu kama wanavuka na fundi wao wenyewe. Wa Pemba mzigo ukipitia Unguja unapakiwa na kushushwa mara mbili, hesabuni na hilo.

Mtandaoni seti nzima kwangu ya mwisho. Bei ile ni ya bidhaa tu, bado usafiri na ushuru, halafu mlango mmoja ukija umepasuka utausubiri mpaka uchoke. Vipimo vyake navyo ni vya kiwandani, kaunta kama sentimita 90 kwenda juu na 60 kwenda ndani, bi mkubwa mfupi atakata vitunguu mabega juu. Ila kama una fleti mpya kuta zimenyooka na fundi wa kufunga unaye, hapo naipandisha namba mbili. Vitu vidogo nunua huko bila wasiwasi, reli za droo, bawaba za kujifunga polepole, taa za chini ya kabati.

Popote utakaponunua usilipe zote. Sehemu ya mwisho itoe siku droo zote zinafunguka bila kugongana na mlango wa friji, na maji yamepita kwenye sinki bila kudondoka ndani ya kabati.