Nesi wa kuja nyumbani: nyota 4, ya 5 imeliwa na ofisi

Wadau mnaoniulizia hii huduma ya nesi ninayotumia kwa mama huku Segerea, majibu haya hapa. Mama ana presha na sukari, kumpandisha daladala kila mara imekua mtihani. Ziara moja elfu 30 na hela ya boda ya nesi ni juu yako.

Wa kwanza waliyemleta alikua wa namba tu. Kaingia mama ndo anatoka kupanda ngazi, bado anahema na simu iko sikioni, kamfunga mkanda wa presha juu ya mkono wa gauni, 162/94, kaandika kwenye daftari huyoo. Sasa kama ni hivyo si bora ninunue mashine Kariakoo nimpime mwenyewe?

Nikalalamika wakaleta sista mwingine, mtu mzima kidogo, hapo ndo nikaelewa hela inaenda wapi. Kampumzisha mama kama dakika 5 kwanza, miguu chini bila kukunja nne, mkono wazi juu ya mto usawa wa moyo, hafu akatoa mkanda mkubwa mana mama ni mnene na mkanda mdogo unapandisha presha ya uongo. Ikaja 138/84. Akaendelea kumshika kiganja kama anapima mapigo kumbe macho yako kifuani anahesabu pumzi dakika nzima, eti mgonjwa akijua anahesabiwa anabadilisha anavyopumua. 18, na mtu mzima inatakiwa 12 mpaka 20 akiwa ametulia. Kile kidude cha oksijeni cha kidoleni kiligoma sababu mama alikua na piko kwenye kucha (tulitoka harusini), mwanga haupiti vizuri, akatafuta kucha isiyo na piko ikasoma asilimia 97, iko sawa.

Ila kilichonimaliza ni miguu. Kabonyeza muundi kwa kidole gumba, kaachia, shimo likabaki pale pale, yani mguu umejaa maji. Akaanza maswali, unalalia mito mingapi, usiku unaamka kukojoa, viatu vinabana jioni? Akapanua vidole vya mguu kimoja kimoja akakuta kidonda ambacho mama mwenyewe hana habari nacho, sukari ikikaa sana inaua hisia za nyayo. Nikamuuliza ni moyo au figo, akanijibu "hapo mwanangu ni daktari na vipimo, mi nakuandikia nilichokiona, kesho mpeleke kliniki usisubiri tarehe yake". Nikampeleka na karatasi yake, daktari akaanzia hapo hapo.

Ofisi yao sasa, mh. Huruhusiwi kuchagua nesi, wanakwambia saa 3 anatokea saa 6 na foleni ya Tabata ndo kisingizio cha kila siku, risiti mpaka uidai kama deni.

Ukiwapigia uliza mapema kama nesi anakuja na mkanda mkubwa, na akifika omba kuona leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, sista wangu alitoa bila kununa.