Semina ya ndoa parokiani: nendeni, ila mbaneni mwanasheria

Kwa wachumba wa Dar mnaoulizana kama hizi semina za ndoa za Kikatoliki zina maana au ni za kupata cheti tu, mi nasema zina maana, hasa kama mchumba wako siyo Mkatoliki. Jina la parokia silitaji. Mi ni Mkatoliki, mchumba wangu Muislamu wa Tanga, kwao wanataka nikahi, kwetu Kilimanjaro wanataka mahari kwanza ndo maneno mengine yafuate, yaani tumefika pale vichwa vinawaka moto.

Padri aliyefundisha sheria za Kanisa hakuzunguka. Mkatoliki akifunga ndoa na asiyebatizwa bila kibali cha askofu, kwa Kanisa ndoa hiyo ni batili, haipo. Na ukikiomba kibali unaahidi kufanya kila unaloweza watoto wabatizwe, mwenzako haombwi kuahidi ila lazima aambiwe. Hapo ukumbi ukachemka, maana kwa Waislamu mtoto anafuata dini ya baba, mchumba wangu akanyoosha mkono akauliza sasa father hapo nani anashinda? Akajibiwa hilo mkalimalize wenyewe kabla kadi za michango hazijatoka. Halafu ule mchezo wa kufunga kanisani asubuhi, jioni mnapita kwa shehe kimya kimya kuwaridhisha wazee, nao Kanisa linaukataza. Kuna watu waliinamisha vichwa pale 😂

Akaja mwanasheria, kipindi kitamu kuliko vyote na ndo walichokifupisha, eti chakula kimeiva. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ndoa ya Kiislamu au ya kimila inahesabiwa ni ya wake wengi mpaka ithibitishwe vingine, zilizobaki ni za mke mmoja. Sasa sikilizeni wenzangu wa ndoa mseto: Wakristo wawili waliofunga kanisani hawawezi kuigeuza ndoa yao kuwa ya wake wengi maadamu wote bado ni Wakristo, ila kinga hiyo inawataja Wakristo wawili, siyo mimi na wangu. Sisi inaweza kugeuzwa, ila lazima wote wawili tukubali kwa hiari na tukatamke mbele ya hakimu, kwa hiyo dada usikubali kuitwa mahakamani "kusaini kitu kidogo tu". Mahari je? Isipolipwa ndoa ni halali vilevile, ingawa nendeni mkamwambie hivyo baba mdogo wangu muone.

Kwenye talaka nako kumbe kila mlango una ufunguo wake. Serikali inataka kwa kawaida mpite baraza la usuluhishi kwanza ndo mahakama iwasikilize, na talaka ya mahakama Kanisa haliitambui kama ruhusa ya kufunga tena, utaenda mahakama ya Kanisa waangalie kama ndoa ilikuwa halali tangu mwanzo. Mwanasheria akagusia kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa, kina dada wakapiga makofi, kaka zetu wakawa bize na simu.

Kasoro: joto, feni zinapiga kelele tu, na wanandoa waliofundisha bajeti ya nyumba walikuwa wanasoma karatasi neno kwa neno. Tena kuna kaka aliuliza habari za Zanzibar, ambako sheria hiyo ya 1971 haifiki na Waislamu wana Mahakama ya Kadhi, akaambiwa akaulize hukohuko. Haikuwa sawa, wachumba wa bara na visiwani wako wengi mno hapa mjini.

Nyota nne. Hela waliyotoza ni ya kawaida na chai ipo. Barua ya jumuiya na cheti kipya cha ubatizo vitafuteni mapema, na taarifa ya ndoa serikalini inatakiwa siku 21 kabla, msije mkalipa ukumbi wa sherehe wakati kibali cha askofu hakijarudi.