Baraza la rufaa za PIP: mlango wazi, na sitara ya Baba Salma

Nyota nne. Ya tano nimeibana kwa sababu ya mkalimani.

Baba Salma alipatwa na kiharusi akiwa na miaka 54, hapahapa Uingereza. Akaomba PIP, ile posho ya ulemavu, akapewa alama 6, na zinatakiwa kuanzia 8. Tukaomba uamuzi utazamwe upya, wakashikilia palepale, basi tukakata rufaa kwa baraza hili ndani ya mwezi mmoja. Ada hakuna.

Wiki nzima kabla ya siku yenyewe hakulala. Alisikia kuwa kesi husikilizwa hadharani, akaiona mahakama ya mwanzo kwetu Tanga, watu wamejaa mpaka madirishani. Na kweli kanuni zao za 2008 ndivyo zisemavyo: mlango wazi, ila jaji anaweza kuamuru ufungwe. Tulipoingia tukakuta chumba kidogo, jagi la maji, upande wa pili jaji, daktari na mjumbe anayejua mambo ya ulemavu. Ukutani viti viwili vya wasikilizaji, vitupu.

Mgeni aliyekuja ni mkalimani. Kampuni iliyomleta siitaji. Baba Salma alipomwona tu akainamisha kichwa: ni mtu anayeswali naye Ijumaa, na mkewe niko naye kwenye kikundi cha kuchangiana harusi na misiba. Na maswali ya PIP ni mazito. Nani anakuogesha? Unawahi kufika chooni? Nguo zikichafuka nani anakubadilisha? Mkalimani anafungwa na kanuni ya siri, nami simtuhumu kwa lolote. Lakini Ijumaa ijayo watatazamana vipi?

Jaji, Mungu amlipe, aliuliza kabla ya yote: mnafahamiana? Nikajibu mimi. Akasimamisha kesi, na baada ya kama dakika 40 tukapatiwa mkalimani mwingine kwa simu, mtu wa mbali, sauti tu. Hapo ndipo Baba Salma alipofunguka. Alisema jambo ambalo hata mimi sikulijua: usiku akijilowesha haniamshi, hukaa na nguo mbichi mpaka alfajiri ili mimi nipate usingizi. Daktari aliweka kalamu chini, akamwacha amalize.

Majibu tulipewa siku ileile. Alama 11.

Ule mlango wazi siupingi. Ripoti ya mtathmini ilidai anajimudu chooni, na ilikuwa vizuri daktari aulize mbele ya watu maneno hayo yametoka wapi. Shida ni kwamba uamuzi wenyewe umebaki kabatini kwetu. Hukumu za Baraza la Juu, lile la ngazi ya juu ya hili letu, ndizo huwekwa kwenye intaneti, na katika kesi kama hizi majina mara nyingi hugeuzwa herufi tu. Natamani hata hizi za chini zitolewe hivyohivyo, jina limesitiriwa na sababu zimeanikwa, maana kuna mama mwingine usiku huu anatafuta aandike nini.

Kwenye fomu ya rufaa wanauliza unahitaji mkalimani wa lugha gani. Mimi niliandika "Kiswahili" nikaishia hapo. Ongezeni: asiwe mtu wa mji wetu, au awe kwa simu. Kisha pigeni simu siku chache kabla mhakikishe wameliona.