Matembezi ya Jozani kwa anayemtafuta paa nunga

Mwezi uliopita nilirudi katika Msitu wa Jozani, Unguja, kwa ajili ya mnyama mmoja tu, paa nunga, yaani swala mdogo wa msituni. Safari hii nilimchukua mwongozaji wa kijijini badala ya kampuni ya mjini iliyonipeleka mara ya kwanza, ambayo ilitusimamisha kwa kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, ikatupiga picha na kuturudisha garini kabla saa moja haijaisha.

Tuliingia mara tu lango lilipofunguliwa, watu wawili nyuma yake, bila manukato wala maongezi, kwa kuwa mnyama huyu ni mwoga mno, na akihisi hatari hutulia tuli kichakani kisha huchomoka ghafla. Mwongozaji alitufundisha kusikiliza juu kabla ya kutazama chini: kima wakila mitini huangusha majani, maua na matunda, na paa nunga huwafuata akiokota. Basi tukakaa karibu na mti waliokuwa wakila kima, na huko akatueleza kwa sauti ya chini namna ya kumtofautisha na paa wa kawaida, ambaye ni mdogo zaidi, hutikisatikisa mkia, na dume peke yake ndiye mwenye pembe. Kwa nunga, dume na jike wote wanazo, fupi sana. Alituonyesha pia kwa mchoro tezi zilizo mbele ya macho, ambazo nunga huzisugua kwenye vijiti ili kuacha harufu yake mahali anapoishi.

Baada ya subira ndefu alitokea: mwekundu-kahawia, madoa meupe miguuni, na alipogeuka tuliuona wazi ule mkanda mweupe wa matakoni. Hazikupita sekunde kumi. Kwangu zilitosha, kwani mnyama huyu wa kilo 7 hadi 12 amebaki Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya, kama Arabuko-Sokoke na Boni, baada ya kuwindwa kwa mbwa na nyavu na vichaka vyake kukatwa kwa kuni.

Upungufu wa huduma hii ni kwamba mwongozaji hana darubini ya kuazimisha, hivyo chukua yako, na uvae viatu vigumu, maana njia za maweni zina makali. Usikubali kupangiwa saa za adhuhuri, kwani wakati huo nunga hulala kichakani akicheua.