MDCalc wodini kando ya Ziwa Victoria: hesabu safi, swali si letu

MDCalc, tovuti na programu ya simu yenye vikokotoo vya kitabibu, ni bure, unajisajili basi, na vizio vya maabara unabadilisha kwa kugusa tu. Hilo la vizio si dogo. Maabara yetu hutoa bilirubini (rangi ya njano ya damu inayosafishwa na ini) kwa mikromoli, Wamarekani wanatumia miligramu, na daktari aliyekesha zamu anaweza kumwona mtu mwenye ini zima kama mwenye ini lililokufa kwa kukosea kizio.

Nazungumzia Child-Pugh na MELD tu, hesabu mbili za kupima ukali wa ugonjwa wa ini. Ndizo tunazokimbilia mgonjwa wa sirosisi (ini lililojaa makovu) akishatapika damu, ikasimama, na ndugu zake wakauliza mlangoni: daktari, itarudi? Wana haki ya kuuliza. Mishipa iliyovimba kwenye umio ikishapasuka mara moja, bila kinga yoyote takribani wagonjwa 60 kati ya 100 hutokwa damu tena ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Child-Pugh inataka bilirubini, albumini (protini inayotengenezwa na ini), INR (kipimo cha damu kuganda), maji tumboni na kuchanganyikiwa. INR ikikosekana, jibu halitoki. Pointi 5 au 6 ni daraja A, 10 kwenda juu ni C, na mgonjwa wa C kweli hunitisha. Lakini hesabu hizi hazikutungwa kwa swali la ndugu. Mzizi wa Child-Pugh ni 1964, kwa wagonjwa wa upasuaji. MELD ilitoka 2000 kukisia nani atafariki baada ya kuwekewa njia ya mkato ya damu ndani ya ini. Anayekaribia kufa na anayekaribia kutapika damu si lazima awe mtu mmoja.

Huku kwetu kichocho kinalianika pengo hilo. Chukua mvuvi: bilirubini 14, albumini 38, INR 1.1, tumbo kavu, akili timamu. Pointi 5, daraja A, alama nzuri kuliko zote. Na huyo huyo ametapika beseni. Mayai ya kichocho cha matumbo huziba vijishipa vinavyoingiza damu kwenye ini, presha inapanda, wengu unavimba hadi kitovuni, ilhali seli za ini zinaendelea na kazi. Hiyo si sirosisi, na kikokotoo hakina pa kuuliza mtu anavua wapi.

Haki yao MDCalc niwape: chini ya kila hesabu wameeleza lini itumike na mitego yake. Maintani wetu, madaktari walio mafunzoni, wanaishia kwenye namba.

Kinachonisaidia zaidi kukisia damu hakimo kwenye simu: ukubwa wa mishipa kwenye ripoti ya endoskopi (kamera inayopitishwa kooni), alama nyekundu juu yake, kama mishipa hiyo imefungwa mipira na atarudi baada ya wiki 2 hadi 4, kama propranololi, dawa ya kushusha presha ya mishipa hiyo, anameza kweli au iliisha tangu Jumamosi, na kama gongo ameiacha. Kipimo cha presha yenyewe, ambacho kikishuka hadi 12 mmHg damu hairudi kirahisi, kinataka mrija upitishwe kwenye mshipa hadi ndani ya ini. Kwetu hakipo.

Nyota 4 kama kikokotoo, 2 kama mtabiri. Ukiandika rufaa, weka daraja, maana hospitali kubwa wataliuliza. Kwa mgonjwa wa kichocho andika kabisa: “A, lakini wengu mkubwa, mishipa mikubwa, ameshatapika damu”, wasije wakampeleka nyuma ya foleni.