Stashahada ya Uuguzi na Ukunga: tathmini kwa aliyeomba utabibu akapangiwa uuguzi

Kila msimu wa udahili wa vyuo vya afya Tanzania, wapo vijana wanaofungua majibu na kukuta Uuguzi na Ukunga mahali walipotarajia Utabibu au Famasia. Kozi hizi za stashahada zinadai sifa zinazokaribiana sana: ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, Kemia na Biolojia zikiwemo. Nafasi za chaguo la kwanza zikijaa, mwombaji anaangukia la pili, ambalo mara nyingi liliandikwa ili fomu isibaki wazi. Tathmini hii inamhusu huyo aliyeingia shingo upande, pamoja na mzazi anayetaka kujua ada yake inalipia nini hasa.

Inalipia miaka mitatu, ngazi ya 4 hadi ya 6 chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, darasani na wodini. Anayemaliza ni muuguzi na mkunga kwa pamoja. Hakuna kuruka upande mmoja, na wavulana wasioulizia mapema hushtuka wanapoona chumba cha kujifungulia kwenye ratiba ya mazoezi yao.

Kitu cha kwanza kinachowashangaza wengi ni hesabu. Aliyedhani ameziaga shuleni anakutana nazo kwenye dripu. Lita 1 ya maji ikitakiwa kuisha kwa saa 8, na seti (mrija wa dripu) inatoa matone 20 kwa mililita, unazidisha 1000 kwa 20, unagawa kwa dakika 480, unapata matone 42 kwa dakika. Seti ikiwa ya matone 15 jibu ni 31, kwa hiyo anayekariri 42 bila kusoma pakiti ataharakisha maji kwa mgonjwa ambaye pengine moyo wake hauyawezi. Kwa vichanga ndiko kwenye hatari zaidi. Mtoto wa kilo 3 aliyeandikiwa gentamicin, dawa ya kuua bakteria, miligramu 5 kwa kila kilo anahitaji miligramu 15. Ampuli, yaani kichupa cha dawa ya sindano, ya miligramu 80 kwa mililita 2 ina miligramu 40 katika kila mililita, hivyo dozi yake ni mililita 0.38. Hiyo haipimiki kwa bomba la sindano la mililita 5. Tafuta la mililita 1. Nukta ikihama hatua moja dozi inakuwa mililita 3.8, karibu ampuli mbili nzima. Ukijikuta unavunja ampuli ya pili kwa ajili ya kichanga, weka chini kila kitu na upige hesabu upya mbele ya mwenzako.

Upande wa vipimo, kozi inafundisha vizuri na wodi inaharibu. Pumzi huhesabiwa dakika nzima, mgonjwa akiwa hajui, maana akijua anabadili upumuaji. Mbinu ya kawaida ni kubaki umeshika kifundo cha mkono kana kwamba bado unahesabu mapigo, huku macho yako kifuani. Inachosha, ndiyo maana chati nyingi zina pumzi 20 kwa kila kitanda, asubuhi na jioni. Huo ni upishi wa takwimu. Pumzi ni miongoni mwa dalili zinazotangulia kubadilika mgonjwa anapozidiwa, mara nyingi kabla presha haijashuka. Presha nayo ina mtego wake: mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko hali halisi, na mtu anaandikiwa dawa asiyoihitaji.

Sasa thamani yake kwa binadamu, ambayo vipeperushi vya vyuo huisifu kwa maneno matamu yasiyoeleza lolote. Utu katika kazi hii una saa zake na vifaa vyake. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa 2 au kadiri ngozi yake inavyodai, na kila ageuzwapo unakagua mgongo wa chini, nyonga na visigino. Wekundu usiopotea unapoubonyeza ndio mwanzo wa kidonda, na kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kirahisi: tafuta joto, ugumu au maumivu. Kuogesha mgonjwa kitandani, kazi ambayo wageni huidharau kuliko zote, kunampa muuguzi nafasi ya kumwona mtu mzima mzima: vipele, uvimbe wa miguu, mkojo uliobadilika rangi, michubuko ambayo hakuna aliyeitaja. Skrini huvutwa kabla ya shuka kufunuliwa. Kwa mama aliyejifungua, unapapasa tumbo kwanza kuhakikisha hakuna pacha aliyebaki tumboni, kisha unampa oxytocin, dawa ya kukaza mji wa mimba, uniti 10 msulini ndani ya dakika 1. Dakika hiyo ni kinga dhidi ya damu kumwagika, nayo inategemea dawa kuwa imetoka kwenye friji na kuvutwa kabla mtoto hajatoka. Anayeanza kuitafuta baada ya hapo amechelewa.

Kozi yenyewe, ikifundishwa kama ilivyoandikwa, inastahili nyota 4 kati ya 5. Tatizo ni kwamba vyuo vinatofautiana mno, na jengo zuri halikwambii chochote. Kabla ya kulipa, uliza wanafunzi wa mwaka wa pili, wala si ofisi ya udahili, maswali haya: mazoezi mnafanyia hospitali ipi, na mnaigawana na vyuo vingapi? Mkufunzi anafika wodini au anaonekana siku ya mtihani? Kwenye maabara ya ujuzi, sanamu moja inazungukwa na wangapi? Kitabu cha kumbukumbu za vitendo kinasainiwa siku hiyohiyo, au kinakusanywa wiki ya mwisho na kusainiwa kwa mkupuo? Jibu la swali la mwisho lina uzito kuliko yote. Saini za mkupuo huzaa muuguzi mwenye kanula (mirija ya kuwekea dripu mshipani) hamsini kitabuni na tano mkononi.

Yapo pia mambo ambayo orodha ya ada huyataja kwa mstari mmoja au haiyataji. Nauli na malazi wakati wa mazoezi ya nje ya chuo huwalemea wazazi wengi. Chanjo ya homa ya ini aina B ni dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6. Ianze kabla ya kugusa wodi, maana ukisubiri chuo kikukumbushe utaingia ukiwa na dozi moja. Ukichomwa na sindano iliyotumika, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, toa taarifa saa hiyohiyo. Dawa za kuzuia VVU huanza mapema iwezekanavyo, mwisho saa 72, na humezwa siku 28. Wanafunzi huficha wakiogopa kugombezwa, na saa zinakwenda. Nunua saa yenye mkono wa sekunde; ya simu haifai, kwa sababu simu inahamisha vijidudu kutoka kitanda hadi kitanda.

Nani asiichukue? Anayekereka kuulizwa jambo lilelile mara tatu na mgonjwa mwenye hofu, na asiyeweza kukesha zamu ya usiku. Kuogopa damu si kigezo, wengi huizoea ndani ya muhula. Ila usiamue kwa kutazama miezi ya mwanzo, ambayo karibu yote ni darasa la anatomia; subiri zamu za kwanza za wodini ndipo upime. Anayeitaka kwa ajili ya ajira ya haraka serikalini naye ajue kuwa foleni ipo, na wengi hujitolea kwanza. Tena cheti cha chuo pekee hakimruhusu mtu kufanya kazi: kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, usajili, kisha leseni ambayo ina tarehe ya mwisho na lazima ihuishwe.